Kuandika Nasaba ya Familia Kupitia Chama cha Ukoo: Mwongozo kwa Wenye Asili ya Kilimanjaro

Kila mwaka ifikapo wiki ya mwisho ya Desemba, barabara zinazopanda mlimani kutoka Moshi mjini, ya Machame, ya Kibosho, ya Uru na ya Marangu, hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na hata Nairobi. Katika siku hizo chache kati ya Krismasi na Mwaka Mpya koo nyingi hufanya mkutano mkuu wa chama cha ukoo: taarifa ya fedha husomwa, ada hukusanywa, wachumba hutambulishwa, ndafu hukatwa, kisha watu hutawanyika. Anayetaka kuijua historia ya familia yake hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo, kwa sababu ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo wazee wa milango yote, yaani matawi yote, ya ukoo huketi chini ya turubai moja. Hata hivyo wengi hutoka mkutanoni mikono mitupu, kwa kuwa aliyetaka kuuliza hakujiandaa, na mzee aliyejibu hakuandikwa.

Nimeshika daftari la ukoo wetu kwa miaka kadhaa, na ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningefurahi kuyajua kabla sijaanza. Nitawazungumzia zaidi Wachagga kwa kuwa ndio ninaowafahamu kwa karibu, ingawa Mmeru au Mwarusha wa upande wa Arusha, na Mpare wa Mwanga au Same, ataona kwamba njia ni ileile hata kama desturi zinatofautiana.

Anza na karatasi zako mwenyewe

Kabla ya kumsumbua mzee yeyote, andika unayoyajua. Mpe kila mtu ukurasa wake katika daftari gumu, kuanzia wewe, wazazi wako, na babu na bibi wa pande zote mbili. Katika ukurasa huo andika jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba, jina la mama na ukoo aliotoka mama, kihamba (shamba la familia lenye nyumba na migomba) alikozaliwa, watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mahali alipozikwa. Usiruke sehemu ya mama. Madaftari mengi ya koo niliyoyaona yanaorodhesha wanaume peke yao, baba kwa mwana, kana kwamba watoto walijizaa, na matokeo yake nusu ya historia ya familia haipo kwenye karatasi. Mke aliyetoka Uru na kuolewa Kibosho alikuja na majina ya wazazi wake, na majina hayo bado yanatembea ndani ya boma lenu kwa sababu wajukuu wamepewa.

Hapo ndipo desturi ya kutoa majina inapokuwa msaada mkubwa. Kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, wa pili hupewa la baba wa mama. Vivyo hivyo binti wa kwanza huchukua jina la bibi wa upande wa baba na wa pili la bibi wa upande wa mama. Kwa hiyo ukiyapanga majina ya nyumbani ya watoto wa babu yako kwa mpangilio wa kuzaliwa, umepata dalili ya majina ya wazazi wa babu na wa bibi, hata kama hakuna aliye hai anayewakumbuka. Ni dalili tu, inayohitaji kuthibitishwa, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa wakati wa msiba au baada ya wengine kufariki angeweza kupewa jina jingine.

Desturi hiyohiyo ina mtego. Ndugu wanne waliomheshimu baba yao kila mmoja atakuwa na kijana mwenye jina lake, na baada ya miaka sitini daftari litakuwa na watu wanne wa jina moja na ukoo mmoja. Katika daftari letu kulikuwa na mzee aliyeonekana kufariki na kisha kupata watoto wengine watatu. Ilichukua misimu miwili ya Desemba kugundua kwamba walikuwa binamu wawili walioishi pande mbili za mfereji mmoja. Tangu hapo hatuandiki jina bila jina la baba na jina la kihamba.

Majina ya ubatizo nayo yanaeleza. Majina yanayoishia na -eli, kama Aikaeli, ambalo ndani yake mna aika, yaani asante, yanaelekeza kwenye familia za Kilutheri, hasa za upande wa Machame, wakati Aloyce, Gaudence, Proches na Deogratias yanaelekeza kwenye parokia za Kikatoliki za Kibosho, Uru, Kilema au Rombo. Dalili hii itakuambia mapema ni mlango upi wa kanisa ubishe kwanza.

Kukiendea chama cha ukoo

Vyama vya ukoo havifanani. Vingine vina katiba, akaunti ya benki na usajili kwa Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Vingine vina daftari la shule lililofungwa kwa mpira na mzee mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Vyote viwili vinafaa. Mwandikie katibu mwezi mmoja au zaidi kabla ya mkutano, jitambulishe kwa baba, babu na mlango wako, lipa ada unayodaiwa, kisha omba mambo matatu: kuyaona madaftari ya zamani, dakika kumi katika ajenda, na ruhusa ya kupiga picha kurasa. Anayekuja na maswali huku hajachangia msiba hata mmoja hujibiwa kwa ufupi, na sioni kwamba wazee wanakosea katika hilo.

Ukipewa madaftari, usiishie kwenye orodha ya wanaukoo. Daftari la ada linaonyesha mwaka ambao mtu aliacha kulipa, ambao mara nyingi ni mwaka aliofariki au aliohama. Daftari la rambirambi lina tarehe za misiba pamoja na majina ya wafiwa, na ni humo wanawake wanapoonekana, kwa kuwa ukoo ulichangia binti alipofiwa na mume hata kama jina lake halikuwahi kuingizwa katika orodha kuu. Kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ratiba za ibada ya mazishi zenye wasifu wa marehemu. Kila nyumba ina ratiba kadhaa zilizowekwa ndani ya Biblia au bahasha kabatini, na kila moja inataja alikozaliwa marehemu, alikosoma, alikofanya kazi, aliyefunga naye ndoa, watoto, wajukuu na vitukuu aliowaacha. Tangaza mkutanoni kwamba unazikusanya, piga picha na kurudisha nakala halisi siku hiyohiyo. Kumbuka tu kwamba wasifu huandikwa usiku wa msiba na watu waliochoka, na mtoto wa nje ya ndoa mara nyingine huachwa.

Kama unataka nyaraka za babu, nenda katika nyumba ya kitinda mimba. Kwa desturi kifungua mimba hupewa kihamba chake anapooa, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo sanduku la bati lenye stakabadhi za kodi, kitabu cha mauzo ya kahawa, vyeti vya ubatizo na picha zilizofifia hubaki kwake. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na familia nyingi zilizouza kahawa kupitia vyama vyake vya msingi bado zina vitabu vya wanachama vyenye jina, kijiji na mwaka. Babu ambaye hana cheti cha kuzaliwa anaweza kuwa na kitabu cha kahawa.

Kuzungumza na wazee

Siku ya mkutano usihoji mtu. Kuna kelele, na mzee akizungumza mbele ya wenzake huchagua maneno. Mwombe miadi, umfuate nyumbani kwake kesho yake asubuhi, upeleke sukari au chochote unachoweza, na ukae. Anza na shangazi. Binti wa ukoo aliyeolewa kwingine anajua habari za kwao na za kwa mumewe, na kwa kuwa hana kihamba anachogombea, husimulia kwa uhuru zaidi kuliko kaka zake.

Usimuulize mtu wa miaka tisini alizaliwa lini. Muulize alikuwa wapi, na alikuwa anafanya nini, wakati jambo fulani linalojulikana lilipotokea. Andaa mapema orodha ya matukio ya eneo lenu: kunyongwa kwa Mangi (mtawala wa Kichagga) Meli huko Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, reli ya Tanga kufika Moshi mwaka 1911, Waingereza kuingia Moshi mwaka 1916, homa kubwa ya 1918 na 1919, Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1950, Uhuru na Mwenge kuwashwa kileleni Desemba 1961, shilingi ya Tanzania kutolewa mwaka 1966, Azimio la Arusha mwaka 1967, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Yale ya mwanzo hakuna aliye hai aliyeyashuhudia, lakini mzee anaweza kukumbuka kwamba baba yake alisema alikuwa akichunga mbuzi treni ya kwanza ilipofika. Uliza pia rika: rika la babu lilikuwa lipi, na nani mwingine alikuwemo, kwa kuwa ukipata mwaka wa kuzaliwa wa mmoja wao umekaribia wa wengine wote.

Nitaeleza mfano mmoja jinsi ulivyokuwa. Shangazi wa baba yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, akimenya ndizi za mtori, na kwa kila swali la mwaka alinijibu kwamba hajui, yeye hakusoma. Nikamuuliza alikuwa wapi usiku wa Uhuru. Akasimamisha kisu. "Nilisikia watu wakiimba barabarani mpaka alfajiri, lakini mimi sikutoka, nilikuwa uzazini, kwa huyu wa tatu." Mama wa Kichagga hukaa uzazini takriban miezi mitatu, maana yake mtoto wake wa tatu alizaliwa kati ya Septemba na mwanzoni mwa Desemba 1961. Kitabu cha ubatizo baadaye kilituonyesha Oktoba. Kutokana na jibu hilo moja tuliweza kukadiria mwaka wa ndoa yake, umri wa watoto wawili waliotangulia, na mwaka ambao kaka yake, babu yangu, alikuwa tayari ameshakabidhiwa kihamba. Kisu kikaendelea na ndizi, na yeye akaendelea kusimulia kwa saa mbili.

Baada ya mazungumzo, omba akutembeze. Makaburi ya kihambani yenye misalaba ya saruji yana majina na tarehe za kunakili. Ya zamani zaidi hayana maandishi, na hutambulika kwa masale yaliyopandwa au jiwe, na asipokuonyesha yeye hakuna ramani itakayokuonyesha. Chora mchoro wa kihamba: nyumba, mfereji, masale, na jina la kila aliyelala hapo. Rekodi sauti kwa simu kama ameridhia, lakini andika pia, na kila taarifa uiwekee jina la aliyeitoa na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, andika maelezo yote mawili. Hili ni muhimu hasa kwa habari za asili ya ukoo, kwa kuwa koo nyingi za mlimani husimulia kwamba mwanzilishi wao alitoka Ukambani, Taita, Upare au Umasaini, na milango miwili ya ukoo mmoja inaweza kusimulia safari mbili tofauti. Wala usidhani kwamba kufanana kwa jina ni undugu: Massawe wa Machame na Massawe wa Kibosho watahitaji kuonyesha kwa majina ya watu wanakutana wapi, kama wanakutana.

Vitabu vya kanisa

Hapa ndipo maneno ya wazee hupimwa. Wamisionari wa Kanisa la Anglikana walifungua kituo Old Moshi mwaka 1885 na kuondoka baada ya miaka michache. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893, kisha Mamba mwaka 1894. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho. Kwa hiyo familia nyingi zinaweza kufuatiliwa kwa maandishi hadi kizazi cha kwanza kilichobatizwa, na kwa waliobatizwa wakiwa watu wazima, hadi majina ya wazazi wao ambao hawakubatizwa.

Nenda siku ya kazi, si Jumapili, ukiwa na barua ya utambulisho kutoka jumuiya yako au mzee wa kanisa, na orodha fupi ya majina yenye makadirio ya miaka. Katibu wa parokia hawezi kukupekulia kitabu kizima, lakini ukimpa jina, mwaka na kijiji atajitahidi. Kwa Wakatoliki tafuta namba ya LB (Liber Baptizatorum, yaani kitabu cha ubatizo) katika cheti chochote cha ubatizo cha ndugu wa karibu, kwa sababu namba hiyo huelekeza moja kwa moja kwenye mstari wa kitabu. Mstari wenyewe katika vitabu vya zamani uko kwa Kilatini, na maneno ni machache: natus au nata ni kuzaliwa, filius ni mwana na filia ni binti, patrinus ni msimamizi wa kiume na matrina ni wa kike, na circiter ni takriban. Ukiona circiter mbele ya umri, ujue kwamba padre alikadiria kwa kumtazama mtu. Soma pia pembezoni, kwa kuwa ndoa ya mtu huandikwa pembeni mwa ubatizo wake pamoja na parokia ilikofungwa, na hivyo ndivyo utakavyompata shangazi aliyeolewa mbali. Msimamizi naye usimwache, maana mara nyingi alikuwa ndugu.

Kwa Walutheri, vitabu vya kabla ya Waingereza vitakukutanisha na Kijerumani, na mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule ni mgumu kusomeka hata kwa anayeijua lugha. Piga picha ukiruhusiwa, kisha utafute msaada. Majina yalivyoandikwa yatakushangaza: Machame iliandikwa Madschame, Kibosho ikawa Kiboscho, Uchagga ukawa Dschagga. Mjerumani aliandika sch kwa sauti ya sh na j kwa sauti ya y, na padre Mfaransa aliandika ou palipo na u. Tamka jina kwa sauti kabla hujaamua kwamba siye babu yako. Katika usharika mmoja niliambiwa kwamba kitabu nilichokitafuta kililiwa na mchwa, na njia iliyobaki ilikuwa kitabu cha kipaimara, ambacho kilikuwa salama kwenye kabati jingine. Kwa hiyo ubatizo ukikosekana, ulizia kipaimara, ndoa na mazishi.

Familia za Kiislamu zina faida yao, kwa kuwa mfululizo wa jina, la baba na la babu, hubeba vizazi vitatu kwa mara moja, na vyeti vya ndoa vya BAKWATA humtaja walii wa bibi harusi, ambaye kwa kawaida ni baba au ndugu yake.

Nyaraka za serikali na zilizo nje ya nchi

Vyeti vya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ni vizuri kwa watu wa karibuni, lakini cheti cha mzee kilichotolewa kwa usajili uliochelewa hubeba tarehe aliyoitaja mwenyewe, kwa hiyo kisiipiku tarehe ya kanisani. Mashauri ya vihamba katika mahakama za mwanzo ni hazina, kwa sababu mdai hulazimika kueleza nani alimpa nani ardhi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, inahifadhi mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na madaftari ya wilaya, ambayo yatakufaa zaidi kama babu alikuwa mchili (kiongozi wa mtaa chini ya mangi), karani, mwalimu au askari.

Kwa picha, Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka mtandaoni, bila malipo, maelfu ya picha za wamisionari, zikiwemo za Leipzig kutoka Kilimanjaro, nyingine zikiwa na majina ya waliopigwa. Na kwa wanaouliza kama kazi hii ina uzito wowote nje ya ukoo: Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za ukoloni na ndugu walio hai huku kwetu. Vipimo kama hivyo haviwezi kutoa jibu la aina hiyo pasipo watu wanaojua wametoka kwa nani.

Yanayohitaji busara

Utakutana na siri: mtoto aliyelelewa kama mdogo wa mama yake, mke aliyerudishwa kwao, kihamba kilichouzwa kimyakimya. Habari za marehemu ziandike kwa heshima. Za walio hai usizitoe bila ridhaa yao, na usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia tarehe za kuzaliwa na namba za watu. Waeleze ndugu mapema, tena mbele ya mwenyekiti, kwamba daftari la nasaba si hati ya ardhi, la sivyo wapo watakaokataa kuzungumza wakidhani umetumwa kupima mipaka.

Fanya nakala tatu: moja ya katibu wa chama, moja ya kwako, na moja iliyochapwa na kujalidiwa ibaki katika nyumba ya kitinda mimba. Programu kama Gramps, ambayo ni ya bure, itakusaidia kupanga, lakini wazee hawasomi kwenye kompyuta. Kwenye mkutano wa Desemba unaofuata, weka daftari mezani karibu na chakula, mahali ambapo akina mama hupita, likiwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi na kurasa tupu mwishoni. Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza, kurasa kumi na mbili zilijaa kabla ndafu haijaisha, na karibu majina yote yaliyoongezwa yalikuwa ya wanawake.